Mbuzi ya Nazi, Mchi, Fenesi na Mzinga wa Nyuki: Uchambuzi wa Kisa cha Baraza Moja la Mji wa Kale

Kisa hiki kilizuka katika baraza moja la Mji wa Kale, Mombasa, upande wa Kibokoni, baina ya magharibi na isha, wakati ambapo dele la kahawa huwa limekwisha kuzunguka mara ya kwanza na watu hawajapata bado jambo la maana la kubishania. Alipita bwana mmoja aliyekuwa akihama nyumba, mbuzi ya nazi, kile kigoda cha kukunia nazi, ikiwa kwapani na mchi begani, na kijana mmoja mwendesha tuktuk akamwuliza vita viko wapi. Yule bwana alicheka akaenda zake. Waliobaki barazani hawakucheka kwa muda mrefu, kwa sababu seremala aliyekuwa ameketi kwenye ngazi alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi, kwamba vita vikitokea kweli, mbuzi ile ingemshinda mtu yeyote mwenye mchi. Mpishi wa harusi, ambaye ametwanga pilipili na thomu kwa mchi tangu ujana wake, hakuweza kulinyamazia hilo. Kabla ya adhana ya isha baraza lilikuwa limegawanyika juu ya hoja moja: iwapo watu wawili wangepigana kwa vitu vya nyumbani na vya sokoni, visivyo na asili yoyote ya vita, ni kitu gani kingeshinda.

Jambo lingekwisha hapo kama lingekuwa mzaha tu. Lakini mabishano yalirudi jioni iliyofuata na nyingine baada ya hiyo, yakaongezeka mashahidi, mpaka ikafika hali ya seremala na mpishi kutopokezana kikombe. Wazee wakaona afadhali shauri lihukumiwe kwa maandishi, na aliyeshindwa ailipie kahawa ya baraza zima kwa muda wa juma moja. Mimi nilipewa kazi hiyo kwa sababu moja tu, kwamba nilikuwa sijajifunga na upande wowote. Nimesikiliza wote, na rai yangu nitaitanguliza ili msomaji asije akadhani naficha kitu: ugomvi huu haukuwa juu ya silaha. Kila upande ulikuwa umejichagulia uwanja wake wa vita kimyakimya, kisha ukashangaa kwa nini wenzake ni wabishi.

Kwanza niseme juu ya masharti, kwa kuwa ndiyo yaliyopunguza washindani. Iliafikiwa kwamba kitu kisiwe kimeundwa kwa vita. Kwa hivyo yule kijana wa tuktuk, aliyependekeza moja ya mizinga ya baruti iliyo katika Ngome ya Yesu, hakusikilizwa zaidi ya dakika mbili. Na alipobadili nia akaitaja tuktuk yenyewe, aliambiwa kwamba gari si silaha bali ni shauri la bima. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kwa maana yake, huhesabu kuwa silaha ya hatari si kitu kilichotengenezwa au kurekebishwa kwa ajili ya kujeruhi tu, bali hata kile ambacho mwenye nacho amekikusudia kwa kazi hiyo. Maalim mmoja aliitumia hoja hiyo vizuri: alisema kwamba mbele ya hakimu mbuzi, mchi na fenesi vyote ni sawa mara tu mtu anapovishika kwa nia mbaya, na kwa hivyo hakuna sababu ya kukidharau kimoja kwa kuwa ni cha jikoni.

Sharti la pili lilikuwa kwamba pigano liishe papo hapo. Hili lilihitajika kwa sababu ya mzee mmoja aliyetukumbusha kuwa Waomani waliizingira Ngome ya Yesu tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, na kwamba katika muda wote huo maradhi yaliwaua waliokuwa ndani wengi kuliko risasi. Alikuwa anaelekea kusema kwamba silaha bora ni subira. Ni maneno mazuri, lakini mtu hawezi kuishika subira mkononi, na baraza lilimwomba radhi mzee likaendelea.

Sharti la tatu lilipaswa kuwa uwanja. Hakuna aliyelitaja. Nitalirudia.

Nahodha mstaafu alileta vitu viwili, na vyote viwili vilianguka mapema. Cha kwanza kilikuwa papa mkavu, yule aliyetiwa chumvi na kuanikwa juani hadi akawa mgumu kama ubao. Nahodha alidai kwamba harufu yake pekee humrudisha adui nyuma kabla ya pigo la kwanza. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama adui angekuwa mgeni. Kwa mtu aliyezaliwa kisiwani, aliyelelewa kwa wali wa nazi na mchuzi wa papa, harufu hiyo humkaribisha badala ya kumfukuza, na nahodha mwenyewe alikiri, alipoulizwa na mpishi, kwamba alipokuwa akilisema hilo alikuwa ameanza kuona njaa. Cha pili kilikuwa pua ya papa upanga, ule ubao mrefu wenye meno pande zote mbili. Hiki kwa hakika ni kitu cha kutisha. Lakini samaki huyo huitumia pua yake kuwakata na kuwachanganya samaki wengine, na pia kuhisi umeme mdogo utokao katika miili yao wanapojificha mchangani, kwa maana hiyo imeumbwa kwa vita tangu mwanzo, nayo yavunja sharti la kwanza. Isitoshe, papa upanga amekuwa adimu mno katika bahari zote za dunia, na biashara ya kimataifa ya viungo vyake imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa mataifa juu ya biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Nahodha aliridhika kuwa shahidi.

Mchuuzi wa matunda wa Marikiti alileta fenesi, na hapa ndipo shauri lilipoanza kuwa na ladha. Fenesi ndilo tunda kubwa kuliko yote yazaliwayo mtini, na lililokomaa vizuri laweza kupita kilo 30. Hata hivyo mchuuzi hakutaka fenesi kubwa. Alitaka la kilo 10, ambalo mtu mmoja aweza kuliinua, na hakutaka kulitumia njiani bali juu, kwenye roshani. Maalim, ambaye amesomesha fizikia, alichukua kalamu akaliandika shauri hilo nyuma ya karatasi ya kufungia kashata. Fenesi la kilo 10 likiachwa lianguke kutoka roshani iliyo mita 6 juu ya njia, hufika chini kwa mwendo wa karibu mita 11 kwa sekunde, likiwa na nishati ya juli zipatazo 590. Mchi wa kilo 3, hata ukipigwa kwa nguvu za mtu mzima hadi ufikie mwendo wa mita 8 kwa sekunde, huwa na juli 96 tu. Mchuuzi alipoelezwa maana ya hesabu ile alinyamaza kidogo, kisha akaomba karatasi.

Angekuwa ameshinda, lau maalim hangeendelea kuandika. Safari ile ya mita 6 huchukua sekunde moja na ziada kidogo. Mtu anayepita kwa mwendo wake wa kawaida, mita 1.4 hivi kwa sekunde, huwa amesogea kiasi cha mita moja na nusu wakati fenesi lingali hewani. Kwa hivyo mwenye kuliachia hapaswi kumlenga mtu bali nafasi ambayo mtu huyo atakuwa, na mtu huyo asisimame kumwamkia jirani, jambo ambalo katika Mji wa Kale halitegemewi. Fenesi likikosa limekwisha kazi, kwa kuwa halirushwi mara ya pili. Tena hupasuka na kumwaga utomvu wake njiani, na utomvu wa fenesi haubagui kati ya adui, jirani na aliyeliangusha, ambaye sasa lazima ateremke ngazi apite papo hapo. Nilimwuliza mchuuzi ingekuwaje kama asingekuwa na roshani. Alinijibu kwa unyoofu: «Bila ya roshani, ami, ntamuuzia.»

Jibu hilo ndilo lililonifumbua macho. Fenesi lilikuwa silaha kubwa mradi mwenye nalo awe juu na adui awe chini, hana habari, anatembea kwa mwendo mmoja. Mchuuzi hakuwa akieleza pigano, alikuwa akieleza shambulio la kuvizia.

Nyuki waliletwa na mzee aliye mkubwa kuliko wote barazani, na kwa heshima yake, na kwa kuwa ushahidi wake ni wa kweli na wa karibu nasi, nitauandika kwa kirefu. Mwanzoni mwa Novemba 1914, miezi mitatu tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza, jeshi la Waingereza lenye askari wapatao 8,000, wengi wao wakiwa wametolewa India, liliteremka Tanga chini ya Jenerali Aitken ili kuuteka mji huo kutoka kwa Wajerumani. Upande wa pili alikuwako Paul von Lettow-Vorbeck, na askari wake walikuwa kiasi cha 1,000. Tarehe 4 mapigano yalipopamba moto ndani ya mashamba na vichaka, mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini ilitibuliwa na risasi, na nyuki wakatoka kwa hasira. Kikosi kimoja cha Kihindi kilivunjika kwa kuumwa. Siku iliyofuata Waingereza walipanda merikebu zao wakiacha nyuma bunduki kwa mamia, bunduki 16 za rashasha na mamia ya maelfu ya risasi, wakaja zao huku kwetu Mombasa. Mpaka leo Waingereza wenyewe huyaita mapigano yale Vita vya Nyuki.

Baada ya hadithi hiyo ilionekana kama kwamba shauri limekwisha. Mzee alijifunga shali yake vizuri na kuomba kahawa, kama mtu aliyekwisha kushinda. Lakini kuna mambo mawili aliyoyapita kwa haraka. La kwanza ni kwamba Tanga nyuki waliwauma wa pande zote mbili, na kwamba hakuna aliyewatuma, ingawa baadaye Waingereza walivumisha kuwa ilikuwa hila ya Wajerumani. Jeshi lile lilishindwa kwa kuchelewa, kwa kutoujua mji na kwa askari wake kuteremshwa wakiwa wamechoka na safari ndefu ya bahari; nyuki walizidisha tu. La pili ni namna nyuki anavyopigana. Anapomchoma mtu, mwiba wake hunasa kwenye ngozi na yeye mwenyewe hufa, lakini pale pa mwiba huacha harufu ya kuwaita wenzake, na sehemu kubwa ya harufu hiyo ni isoamili asetati, kemikali ambayo pia imo katika harufu ya ndizi mbivu. Maalim alipolieleza hilo, watu wote walimgeukia mchuuzi, ambaye huuza ndizi kutwa, naye akaangalia mikono yake.

Je, mtu mmoja aweza kuushika mzinga wa nyuki aende nao pigano? Maalim alileta kisa cha Lytle Adams, daktari wa meno wa Pennsylvania, ambaye mnamo Januari 1942 aliishauri serikali ya Marekani iwafunge popo mabomu madogo ya moto na kuwaachia juu ya miji ya Japani, ili wakajifiche chini ya mapaa na kuiteketeza. Jeshi lilikubali kulijaribu wazo hilo. Mwaka 1943 popo waliobeba mabomu waliponyoka wakauunguza uwanja mpya wa ndege wa jeshi lenyewe karibu na Carlsbad, New Mexico, na mwaka uliofuata mradi ukaachwa. Mnyama aliyefanywa silaha hachukui amri baada ya kuachiwa.

Mzee hakukubali kushindwa kwa popo wa Marekani. Alitaja Sagalla, karibu na Voi, ambako wakulima huzungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya, mmoja kila baada ya mita 10 hivi, ili ndovu akigusa waya mizinga itikisike na nyuki watoke. Ndovu, mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, hurudi nyuma. Hilo ni kweli tupu, na ndilo hoja bora kuliko zote zilizotolewa katika shauri hili. Ila angalia lilivyo: mizinga ya Sagalla imekaa mahali pamoja na mwenye shamba amelala nyumbani. Nyuki hulinda vizuri sana mahali ambapo mwenyewe hayupo. Pigano letu lilitaka mtu aliyepo, aliyeshika kitu mkononi, anayetaka kurudi nyumbani akiwa na uso wake. Kwa sababu hiyo niliwatoa nyuki shindanoni, na nakiri kwamba niliwatoa kwa masikitiko.

Wakabaki wawili walioanzisha ugomvi, na hapo ndipo sharti la tatu lilipohitajika. Seremala, alipokuwa akisema, alikuwa akikiona kichochoro: njia za nyuma ya Sokomuhogo ambako wawili wenye mizigo hupishana ubavu kwa ubavu. Mpishi alikuwa akiuona ua wa harusi, uliowazi, wenye nafasi ya masufuria kumi na ya wapishi wote. Hakuna aliyekuwa muongo. Niliwaambia kwamba kwa kuwa swali liliulizwa barazani, kwa mtu aliyekuwa akipita njia ya barazani, uwanja utakuwa njia ile ile, nayo tulipoipima kwa kamba ya seremala ilikuwa mita moja na nusu kutoka ukuta hadi ukuta.

Mpishi alilalamika, lakini kwa akili. Alisema kwamba mchi wa futi 4 kwa kweli hauwezi kuzungushwa hapo bila ya kugonga ukuta wa mawe ya matumbawe, lakini nani aliyesema kwamba mchi huzungushwa? Kazi yake ni kutwanga, kwenda juu na kushuka. Tukatazama juu: palikuwa na nyaya za umeme na chini ya roshani. Basi, akasema, hautainuliwa, utasukumwa kwa ncha, na kwa urefu wake utamfika seremala kifuani kabla mbuzi haijamfika mpishi popote. Hoja hiyo nilikuwa siitarajii, na kwa muda niliona mchi umeshinda.

Seremala akaomba ionyeshwe, polepole, bila ya mtu kumpiga mtu. Akaleta mbuzi yake mwenyewe, aliyoitengeneza kwa mikono yake. Msomaji aliyekulia pwani anaijua: mbao mbili zilizopishana katikati, moja ikipenya ndani ya nyingine, hivi kwamba ikikunjwa hulala bapa na ikikunjuliwa huwa kigoda, na mbele ya ubao wa kukalia hutokea ulimi wa chuma wenye meno. Aliishika kwa ubao wa kukalia, miguu ikiwa mbele. Mpishi akausukuma mchi taratibu kuelekea kifuani mwake. Seremala akaikunjua mbuzi, mchi ukaingia baina ya miguu miwili, akaikunja. Zile mbao zikaubana mchi kama mkasi. Kisha akapinda kidogo mkono wa kulia. Mpishi, ambaye ana mikono minene kuliko ya seremala mara mbili, alilazimika ama auachie mchi ama aufuate ukutani, na alipoufuata, ulimi wa chuma ulikuwa shubiri moja kutoka kwenye kanzu yake, nao bado una mabaki ya tui lililokauka kati ya meno. Walirudia. Mara ya pili mpishi alijaribu kuvuta haraka, na mchi ukatoka na alama mbili zilizochimbika kwenye mti wake, ambazo baadaye alizilalamikia sana.

Ushahidi huo nauona unatosha. Katika njia ya Mji wa Kale, kwa watu wawili waliosimama uso kwa uso, mbuzi ya nazi ndiyo mshindi, kwa sababu huweza kukinga, kubana na kudonoa bila ya kuhitaji nafasi ya kuzungushwa, ilhali mshindani wake hutegemea nafasi ambayo njia ile haina. Si uzito ulioamua, kwani mchi ni mzito zaidi, wala si ukali wa meno, ambayo hayakumgusa mtu. Mpishi ameamriwa ailipie kahawa, pamoja na mchuuzi na nahodha waliokuwa wamejiunga naye dakika za mwisho. Mzee wa nyuki amesamehewa kwa umri wake, na kwa sababu hadithi ya Tanga peke yake ilistahili kahawa ya juma zima.

Mpishi amekata rufaa. Anadai kwamba hukumu haihusu uwanja wa Makadara, na kwamba huko angeshinda. Katika hilo namwunga mkono bila ya shaka yoyote: penye wazi, mchi ukizungushwa kwa mkono wa mtu mrefu humaliza kazi yake umbali wa mita 2 kutoka kwa mwenyewe, na mwenye mbuzi, ambaye ulimi wake haufiki hata nusu ya umbali huo, hatopata fursa ya kuubana mti usiosimama. Fenesi huko halina roshani ya kuangukia. Rufaa imepokewa, na ikikubaliwa, kahawa ya juma la pili italipwa na seremala, ambaye mpaka sasa anasema Makadara ni mbali.